Kiwanda cha Vifaa Tiba Kikipanuliwa, Tafuta Kazi Nje ya Mashine

Kila inapotangazwa kwamba kiwanda cha vifaa tiba kitapanuliwa, kama ilivyokuwa mwaka 2022 pale Revital Healthcare ya Kilifi, Kenya, ilipopata fedha za Wakfu wa Gates kuongeza utengenezaji wa mabomba ya sindano yanayojifunga baada ya kutumika mara moja, vijana huniuliza kuhusu nafasi za kuendesha mashine. Nimefanya kazi ya udhibiti wa ubora katika kiwanda kingine cha aina hiyo na kushiriki katika usaili, na ushauri wangu ni kwamba wasikodolee macho mashine peke yake.

Mashine inayoyeyusha chembe za plastiki na kuzisukuma kwenye kalibu haihitaji watu wengi. Mhudumu mmoja huweza kusimamia kadhaa. Mikono mingi huhitajika baadaye: kuunganisha, kukagua, kufungasha, kutakasa kwa gesi ya ethilini oksidi inayoua vijidudu, na kutunza kumbukumbu za kila bechi, yaani kila fungu la bidhaa zilizotengenezwa pamoja, kwa kuwa ISO 13485, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora wa vifaa tiba, kinadai historia ya bidhaa iweze kufuatiliwa.

Kumbukumbu hizo ndizo huwaangusha waombaji. Mimi humpa mwombaji fomu aijaze, kisha humwomba abadilishe tarehe aliyokwisha kuiandika. Anayeifuta kwa wino mweupe simpendekezi, hata awe na diploma. Anayepiga mstari mmoja ili maandishi ya awali yaendelee kusomeka, akaandika tarehe sahihi pembeni na kutia saini, mimi humpendekeza hata kama ana cheti cha kidato cha nne tu. Zoezi hilo halina ada, lifanye nyumbani. Ama fundi mitambo anayejua kurekebisha kalibu, huyo hagombanii kazi. Viwanda ndivyo humgombania.

Katika chumba safi, yaani chumba cha uzalishaji kinachozuiwa vumbi na vijidudu, haziingii kucha za bandia, vipodozi wala pete, na pete ya ndoa haisamehewi, jambo ambalo nimeona likizua mabishano makali kuliko mshahara.

Kabla ya kutia saini mkataba, uliza kama ajira ni ya kudumu au ya kibarua. Mabomba ya chanjo hununuliwa kwa zabuni kubwa za mashirika kama UNICEF, kwa hiyo zamu ya usiku iliyofunguliwa kwa ajili ya zabuni moja yaweza kufungwa zabuni hiyo ikikamilika. Aliye na kazi ya kudumu kwingineko asiiache kabla ya kujua zamu anayopewa inategemea zabuni gani, na inaisha lini.