Kebo haijalala, yatembea

Vijana mnaoanza kazi ya kebo za umeme za chini ya ardhi hapa Mombasa, hili lishikeni mapema. Mimi miaka ya mwanzo nilidhani kebo ikishafukiwa imelala, kumbe kila jioni watu wakiwasha AC na mzigo wa umeme ukapanda, yapata moto yarefuka, usiku wa manane yapoa yarudi, na mara nyingi hairudi palepale ilipotoka.

Pigeni hesabu wenyewe. Mita 100 za shaba zikipanda joto kwa digrii 60 zataka kurefuka kama sentimita 10, alumini karibu 14. Ikiwa imebanwa na mchanga pande zote haina pa kwenda, ile nguvu yaenda kusukuma jointi, pale vipande viwili vya kebo vilipoungwa. Ikiwa ndani ya bomba yajipinda kama nyoka huku yajikwaruza. Na XLPE, ile plastiki inayofunika waya, yatanuka mara nyingi zaidi ya shaba, yaani hata ndani ya kebo moja vitu haviendi pamoja.

Kuna shimo la jointi huku kisiwani tulilifungua, laini imezimwa, imepimwa, imeunganishwa na ardhi, hapo hakuna mjadala. Raba ya klampu, kile kibano kinachoshika kebo, imelika upande mmoja tu, ganda jeusi limeng'aa kwa kusuguliwa, na pale kwenye mdomo wa bomba ganda limechimbika mpaka ncha ya kidole yaingia. Juu yake malori ya bandarini yapita kutwa yakiitikisa. Jointi yenyewe siku ya kufungwa ilipita testi zote, lakini kebo haikuachiwa mkunjo wowote wa kupumua, na ule mdomo wa bomba ulikuwa mkali, hakuna aliyeulainisha.

Kwa hivyo msiulize ampea za juu peke yake. Ulizeni mara ngapi imepata moto na kupoa, kwa sababu kebo yaweza kuchoka hata kama haijawahi kufika zile digrii 90 ambazo ndizo kikomo cha XLPE. Chukua maka peni, chora mstari juu ya kebo ukingoni mwa klampu, andika tarehe, urudi. Mstari ukienda na kurudi ni sawa, ukisogea upande mmoja kila mara hapo pana shida, hasa kwenye mteremko.

Mstari wangu wa kwanza nilirudi baada ya wiki tatu nikaukuta umesogea upana wa kidole gumba, tukaanza na jointi ya chini ya mteremko.