Django inaleta kosa la 400 baada ya kuzima DEBUG

Mkuu, unauliza kwa nini tovuti yako ya Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti) ilikuwa sawa kwenye kompyuta yako, lakini ulipoipandisha kwenye seva na kuweka DEBUG = False (kuzima hali ya kutafutia makosa) kila ukurasa unaleta kosa la 400, yaani ombi limekataliwa kuwa si sahihi. Umeiacha tupu ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina ya tovuti ambayo Django inaruhusiwa kuyahudumia. DEBUG ikiwa True, Django hukubali yenyewe localhost na 127.0.0.1 (yaani kompyuta yako mwenyewe), ukiizima, orodha tupu hukataa kila jina.

Andika hivi, ukiweka kikoa chako badala ya example.com:

ALLOWED_HOSTS = ['.example.com']

Nukta ya mwanzo inabeba kikoa chenyewe, www na vikoa vidogo vyote. Usiweke https:// wala namba ya poti. Kisha washa upya programu.

Wapo watakaokushauri uweke '*', yaani kukubali jina lolote. Nakusihi usifanye hivyo. Jina ambalo Django hulikagua hutoka kwenye kichwa cha Host, sehemu ya ombi inayotaja tovuti inayotafutwa, na anayetuma ombi anaweza kuandika humo chochote. Mtu akiomba kubadilisha nenosiri la mteja wako huku ameweka kikoa chake, barua pepe itakayotoka kwako inaweza kubeba kiungo cha kwenda kwake. Mteja akibofya, akaunti imeibwa.

Kosa likibaki na una Nginx mbele (seva inayopokea maombi na kuyapeleka kwa Django), ongeza kwenye mipangilio yake proxy_set_header Host $host; Bila mstari huo Nginx hupeleka jina lililo kwenye proxy_pass, mstari unaoiambia ipeleke maombi wapi, badala ya jina la tovuti yako.