Wimbo usio na kiitikio ulikaaje kileleni?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Katika karakana yetu ya kuchonga milango hapa Langoni, Lamu, kijana mmoja hupenda kupiga kwenye simu wimbo wa "Bohemian Rhapsody" wa kundi la Queen. Hauna kiitikio, hugeuka kila baada ya muda mfupi, na unapofika pale panapotajwa "Bismillah" mafundi wote huziacha patasi. Naambiwa ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki nyingi. Iliwezekanaje? (Fundi, Lamu)

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Ulikaa wiki 9 mfululizo, tangu mwisho wa Novemba 1975 hadi Januari 1976. Mwaka 1991, alipofariki mwimbaji wake Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, ulirudi ukakaa wiki 5 nyingine. Mara hiyo ya pili majonzi yalichangia pakubwa.

Ile ya kwanza ndiyo yenye kuhitaji maelezo. Nafasi katika chati ya Uingereza ilitokana na mauzo ya santuri ya kila wiki, kwa hiyo kukaa juu maana yake ni kupata wanunuzi wapya wiki baada ya wiki. Wakubwa wa kampuni ya santuri walihofia kwamba hakuna redio itakayoupiga wimbo wa karibu dakika 6, ilhali vituo vilizoea nyimbo za dakika 3. (Aliyekesha kwenye taarabu ya harusi, ambako bashrafu, yaani muziki wa ala tupu wa kufungulia, peke yake huweza kula muda huo, atacheka.) Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, aliupiga mara 14 katika wikendi moja, watu wakaanza kuuulizia madukani. Baadaye filamu fupi ya wimbo huo ikawa inaonyeshwa kwenye televisheni huku wanamuziki wenyewe wakiwa safarini.

Hata hivyo, vioja vingi hupigwa redioni na wiki ya tatu vikasahaulika. Kilichoubakisha huu juu, kwa maoni yangu, ni kipande hicho hicho kinachowaachisha kazi mafundi wako. Zile sauti zinazobishana kama umati ni za watu watatu tu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliorudia kuimba mara nyingi na kurekodiwa sauti juu ya sauti. Sikio haliwezi kuzidaka zote kwa mara moja, na kila ukirudia unasikia nyingine iliyokupita. Mwenye kutaka kurudia alilazimika kununua santuri. Isitoshe, piano ya taratibu, gitaa, opera na roki kali, kila kimoja kilikuwa kimezoeleka peke yake. Kigeni kilikuwa maungio, na wewe unajua kuwa mlango mzuri hutazamwa hapo.

Ulioung'oa kileleni ni "Mamma Mia" wa kundi la ABBA, maneno ambayo, ukisikiliza vizuri, yamo ndani ya kipande hicho cha Bismillah.