Maswali Yenu: VR, AR na MR darasani, tunaanzia wapi?

Barua za safari hii karibu zote zimegusa kitu kimoja, kuwafundisha wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 kuhusu VR, AR na MR, yaani teknolojia zinazokuonesha vitu vya kompyuta kana kwamba vipo mbele yako, na nimefurahi maana hii mada naipenda sana. Nimezijibu kadiri zilivyokuja.

Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Nimepangiwa kufundisha uhalisia pepe, uhalisia ulioongezwa na uhalisia mseto, yaani hizo VR, AR na MR, na shule yetu haina hata moja ya zile miwani zenye skrini zinazovaliwa machoni. Nifundishe nadharia ubaoni au nisubiri vifaa vipatikane? (Mwalimu wa sayansi)

Nzuri mwalimu mwenzangu. Usisubiri. Tena hata shule zenye miwani kabatini mimi nazishauri zianze bila miwani, kwa sababu kifaa sio somo, somo ni jinsi macho na ubongo vinavyokubali kwamba kitu kipo wakati hakipo, na hilo mtoto analikamata kwa kidole gumba tu. Mwambie anyooshe mkono, ainue kidole gumba, afumbe jicho moja halafu abadilishe afumbe la pili. Kidole kitaruka huku na huku wakati ukuta wa nyuma karibu hautikisiki. Akisogeze karibu na pua arudie, kitaruka zaidi. Hapo ndo penye mzizi wa mambo yote haya: kila jicho linapata picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake, ubongo unazilinganisha unapata umbali.

Ukimaliza hapo chukua simu yoyote yenye kamera, panga vitu vitatu mbele na nyuma, piga picha, sogeza simu kulia kama sentimita 6 bila kuigeuza, piga ya pili. Zichapishe zikae bega kwa bega, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, kila moja isizidi upana wa sentimita 6, halafu mtoto asimamishe kipande cha kadi katikati kuanzia puani mpaka kwenye karatasi ili kila jicho lione picha yake tu. Akilegeza macho kama mtu anayetazama mbali, picha zinaungana na vitu vinachomoza. Wapo watakaochukua muda na wapo ambao hawataona kabisa, mara nyingi ni mtoto ambaye macho yake mawili hayafanyi kazi pamoja, huyo usimlazimishe wala usimwache ajione mzito, mpe kazi ya kupima kamera isogezwe kiasi gani. Waliofanikiwa wabadilishe picha, ya kulia iende kushoto, waone kilichokuwa mbele kinavyorudi nyuma. Hilo jaribio la mwisho usiliruke, ndo linalowaonesha kwamba kina kinatengenezwa na ubongo, karatasi haina kina chochote.

Historia itaingia yenyewe hapo. Charles Wheatstone aliieleza kanuni hii Uingereza mwaka 1838 kwa vioo na michoro, mwaka mmoja kabla upigaji picha haujatangazwa kwa umma. Miaka 130 baadae, 1968, Ivan Sutherland na wanafunzi wake huko Marekani wakaweka skrini mbili ndogo mbele ya macho na kukiunganisha kifaa na dari ili kijue kichwa kimegeukia wapi, na mvaaji akaona maumbo ya mistari mitupu yanayobadilika akigeuka. Picha mbili, na picha kufuata kichwa. Mtoto akiyashika haya mawili ameishika VR.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 13. Nimesoma kwamba MR ni mchanganyiko wa VR na AR lakini sielewi zinachanganywaje, na rafiki yangu anasema lile gemu la Pokémon GO ni MR. Yuko sahihi? (Mwanafunzi)

Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Hiyo sentensi ya mchanganyiko wa VR na AR iweke pembeni, haitakusaidia. Ukishika kifaa jiulize maswali mawili. La kwanza, chumba nilichomo bado nakiona? Kama hukioni kabisa, pande zote umezungukwa na picha za kompyuta, hiyo ni VR. Kama unakiona na kuna vitu vimeongezwa juu yake basi uko upande wa AR na MR, na hapo ndo swali la pili linakuja: hicho kilichoongezwa kinakijua chumba? Chukua mpira wa kompyuta uweke juu ya meza ya kweli, usukume. Ukidondoka ukingoni, ukadunda sakafuni, ukapita nyuma ya kiti ukajificha, wengi wanaotengeneza vifaa hivi wanaita MR. Ukibaki umebandikwa tu hapo, na mkono wako ukipita mbele yake mpira bado unaonekana juu ya mkono, hiyo ni AR ya kawaida.

Pokémon GO lilipotoka 2016 lilimweka kiumbe juu ya picha ya kamera bila kujua meza iko wapi wala sakafu iko wapi, kwa hiyo kwa kipimo hiki ni AR. Lakini msigombane na rafiki yako, maana mwaka 1994 watafiti Paul Milgram na Fumio Kishino walichora mstari mmoja, mwisho huu dunia halisi na mwisho ule dunia pepe tupu, na kila kilichopo katikati wakakihesabu kuwa uhalisia mseto, AR ikiwemo. Kwa hesabu yao rafiki yako naye ana hoja. Mwombe mwalimu wenu mchore huo mstari sakafuni kwa chaki, kila mtu ataje apu au kifaa anachokijua, asimame pale anapodhani kinakaa halafu ajitetee mbele ya wenzake. Mabishano yatakayotokea hapo ni mazuri kuliko kukariri maana tatu.

Mwalimu, apu yetu ya AR inatusumbua. Tunaweka moyo wa binadamu juu ya meza, mara unateleza, mara unapotea. Simu ni mbovu? (Mwalimu wa biolojia)

Kabla ya kuilaumu simu itazame meza. Nahisi ni nyeupe au inang'aa. Simu haioni meza kama unavyoiona wewe, kamera inatafuta vidoa na kona zinazotambulika, inazifuata zinavyohama kutoka picha moja kwenda nyingine, halafu inajumlisha na vipimo vya akselerometa na jairoskopu, vihisi vya ndani ya simu vinavyopima mwendo na kugeuka, kujua yenyewe imesogea kiasi gani. Meza nyeupe tupu haina cha kushika, meza inayong'aa ina mwanga unaohama kila ukihama, na chumba kikiwa na giza ndo basi tena. Tandika gazeti au kitambaa chenye maua na uwashe taa, moyo utatulia.

Ila nakuomba usiwatatulie wanafunzi, waachie watafute wenyewe. Wape nyuso tofauti, karatasi tupu, gazeti, kioo, majani, waandike wapi moyo umekaa na wapi umeteleza, kisha waseme kwa nini. Darasa likigundua kwamba simu inahitaji vidoa limeshajua AR inafanyaje kazi.

Habari mwalimu. Binti yangu ana miaka 11, shuleni walivaa miwani ya VR akarudi na kichefuchefu na kichwa kinamuuma. Yuko salama kweli? (Mama mwenye wasiwasi)

Pole sana mama, na yeye mpe pole. Kilichompata kinawapata hata watu wazima na chanzo chake kinajulikana: macho yanaambiwa anakwenda, pengine yuko kwenye gari au anaruka angani, wakati sikio la ndani linalopima mwendo linasema amekaa kwenye kiti. Taarifa mbili zinapingana, mwili unajibu kwa kichefuchefu. Kawaida kinaisha akipumzika, ila kama maumivu yanaendelea au yanarudi bila miwani mpeleke kwa daktari. Na kama amewahi kupata kifafa au kuzimia kwa mwanga unaowakawaka, shule lazima ijue kabla na asivae.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawaliangalii, nalo ni nafasi kati ya mboni. Kwa mtu mzima wastani ni kama milimita 63, mtoto wa miaka 11 kwa kawaida ana pungufu. Miwani ya Quest 2 ya kampuni ya Meta kwa mfano ina nafasi tatu tu za lenzi, 58, 63 na 68, mtoto akivalishwa iliyoachwa kwenye 68 ataona ukungu na macho yatachoka haraka. Pia kila mtengenezaji ana umri wake, Sony iliandika miaka 12 kwa PlayStation VR, Meta ilikuwa na 13 kwa Quest kisha 2023 ikaruhusu kuanzia 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Kwa hiyo una haki kabisa ya kuuliza shule ni miwani gani, akaunti ni ya nani na mtoto alivaa kwa muda gani. Mimi darasani ningesema dakika 5 kwa mara ya kwanza, amekaa, maudhui yasiyomwendesha mbio, na akisema sijisikii vizuri inavuliwa palepale bila kumbembeleza amalizie. Tena nyingi ya miwani hizi zina kamera zinazosoma chumba na zinarekodi kichwa na mikono inavyosogea, ulizia pia hizo taarifa zinakwenda wapi.

Tumepata miwani moja, wanafunzi 42. Na mkuu wa shule anauliza kama wanajifunza au wanacheza. (Mwalimu wa kompyuta)

Swali la mkuu wako lina msingi, usilikwepe. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake walichapisha utafiti wa maabara ya sayansi iliyoigizwa kwenye kompyuta kwa wanafunzi wa chuo kikuu, waliovaa miwani walijisikia wako ndani ya maabara zaidi lakini walijifunza kidogo kuliko walioiona kwenye skrini ya kawaida. Mwaka mmoja kabla, Jocelyn Parong na Richard Mayer walikuta jambo la kufanana kwenye somo la biolojia, ila wakajaribu kitu kingine: waliosimamishwa baada ya kila sehemu wakaandika muhtasari walifanya vizuri kuliko waliotazama VR mfululizo. Hapo ndo pa kushika. Dakika chache ndani, vua, andika, rudi. Na usiitumie VR kwa jambo ambalo mtoto angelishika kwa mkono wake, kuotesha mbegu apande mbegu, VR iache kwa mambo ya hatari, yasiyowezekana au ghali mno, kama kuingia ndani ya seli au kusogelea volkano.

Kuhusu hiyo miwani moja, wala usijaribu kuwavalisha wote 42 kipindi kimoja, utaishia kusimamia foleni. Kikundi kimoja kiwe kwenye miwani, mmoja amevaa, mmoja anamlinda asigonge kitu, mvaaji anasimulia anachokiona na waliobaki wanachora kwa kumsikiliza tu. Baadae wanalinganisha michoro na kilichokuwepo. Vikundi vingine muda huohuo vinafanya picha za sentimita 6 na majaribio ya AR, wiki inayofuata mnazunguka.

Wanangu wameshatazama vya kutosha, sasa wanataka kutengeneza. Tuanzie wapi? (Mlezi wa klabu)

Anzeni na A-Frame, zana ya kutengenezea dunia za VR, ilitoka Mozilla mwaka 2015, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya brauza, kompyuta ya kawaida inatosha. Mstari mmoja wa msimbo unaweka boksi, mwingine unaweka tufe, na kila kitu kina namba tatu za mahali kilipo, kwa mita: kulia na kushoto, juu na chini, mbele na nyuma. Mbele ya mtazamaji ni hasi, yaani kitu kilichoko mita 3 mbele kinaandikwa hasi 3, na hapo mtoto anapata sababu ya kweli ya kuzijali namba hasi. Waache waweke boksi la mita 1 kwenye urefu sifuri. Nusu itazama ardhini, kwa sababu namba inashika katikati ya boksi sio chini yake. Usiwaambie, wataipata wenyewe ile 0.5 ya kuliinua, na nakuhakikishia hawataisahau.

Swali fupi. Miwani yetu imeota madoa na mistari ya rangi kwenye skrini na haikudondoka. Ni nini? (Mtunza maabara)

Karibu hakika ni jua. Lenzi zile zinakusanya mwanga, miwani ikiachwa dirishani lenzi zikielekea juani, hata kwa muda mfupi, miale inaichoma skrini na doa halitoki. Inayofuata ifunikwe lenzi kila ikivuliwa na ikae kwenye mfuko wake. Kuifuta, lenzi ni kitambaa kikavu laini tu bila spiriti, spiriti iwe ya ile sehemu inayogusa uso, tena kama maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu.