Maswali ya Wasomaji: Mtoto wa Kijijini na Njia ya Kwenda Chuo Kikuu

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mjane na mkulima wa mahindi na maharage wilayani Kasulu, na kaya yangu imo katika mpango wa TASAF, ule mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Binti yangu wa kwanza anamaliza kidato cha sita mwaka huu kwa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, na walimu wake wanatarajia apate daraja la kwanza. Jirani yangu ananiambia nisijisumbue, kwa sababu mikopo na ufadhili ni vya watoto wa wakubwa, na kijana wake aliyefaulu vizuri alikosa vyote. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi? – Mama wa Kasulu

JIBU: Mama, uchungu wa jirani yako naufahamu, lakini usiufanye uchungu wake kuwa sababu ya kutojaribu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hupima uhitaji wa mwombaji kwa vigezo vinavyojulikana, na viwili kati ya hivyo, yaani uyatima na kuwa katika kaya inayonufaika na TASAF, binti yako anavyo. Shida ni kwamba anayempima hatafika Kasulu kuliona shamba lako. Atasoma nyaraka tu, na nyaraka zisipokamilika, mtoto wa mjane na mtoto wa mwenye kampuni huonekana sawa.

Kwa hiyo anza na nyaraka, tena anza sasa, kabla matokeo hayajatoka. Cheti chake cha kuzaliwa ni lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na cheti cha kifo cha baba yake vilevile. Hapa ndipo familia nyingi za vijijini hukwama, kwa sababu marehemu alizikwa, matanga yakaisha, na hakuna aliyekwenda kusajili kifo. Miaka kumi baadaye mtoto anatakiwa kuthibitisha jambo ambalo kijiji kizima kinalijua lakini halimo katika daftari lolote la serikali. Kama cheti hicho hamna, nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua, kisha ofisi ya wilaya, na ujue kwamba shughuli hiyo inaweza kuchukua muda mrefu. Angalia pia majina. Ikiwa cheti cha kuzaliwa kinasema Neema na cheti cha kidato cha nne kinasema Nehema, mfumo utahesabu watu wawili.

Liko jambo jingine ambalo wazazi wengi hulisahau. Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai, na katikati ya miezi hiyo wahitimu huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Maana yake ni kwamba dirisha la maombi ya mkopo na ya chuo likiwa wazi, binti yako huenda yuko kambini, mbali na vyeti vyake na mbali nawe. Kabla hajaondoka, kusanyeni kila kitu katika bahasha moja, mchague mdhamini, mtafute kitambulisho chake, na mkubaliane ni nani atakayepeleka fomu kusainiwa na uongozi wa kijiji na kwa hakimu au kamishna wa viapo.

Mtu huyo ndiye hoja yangu kubwa katika safu ya leo. Nimesoma barua nyingi za vijana waliokosa nafasi, na katika nyingi sana kati ya hizo alama zilitosha, na fedha yenyewe ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu aliyekwisha kupita njia hiyo, wa kumwambia kijana kwamba leo ndiyo siku ya mwisho. Badala yake kijana huenda steshenari ya mjini, akajaziwa maombi na karani mwenye haraka, tena kwa namba ya simu ya karani mwenyewe. Wiki kadhaa baadaye ujumbe wa kumtaka arekebishe kasoro unaingia katika simu ya mtu asiyemkumbuka hata kwa sura. Steshenari si adui, na wengine hufanya kazi nzuri, lakini namba ya simu na neno la siri ni lazima viwe vya binti yako au vya mtu unayemwamini.

Akipata matokeo ya juu sana katika masomo ya sayansi, aulizie pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi bora wa sayansi wa kidato cha sita wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Huo haurejeshwi, lakini ushindani wake ni mkali, kwa hiyo asiache kuomba mkopo kwa kuutumainia. Na akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe udahili katika chuo kimoja kwa muda uliotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu, la sivyo anaweza kukosa vyote. Akikosa mkopo, au akapata pungufu, kuna dirisha la rufaa. Sijui kama kijana wa jirani yako alikata rufaa. Muulize kwa upole.

SWALI: Mhariri, nimestaafu ualimu wa sekondari na ninaishi kijijini kwetu mkoani Njombe. Vijana huniomba ushauri, nami huona aibu kuwapa maneno wakati wanachohitaji ni ada. Mlezi asiye na fedha ana faida gani? – Mwalimu Mstaafu

JIBU: Mwalimu, aibu hiyo ni ya mtu muungwana, na ni kweli kwamba ushauri unaotolewa kwa mwenye njaa mara nyingi ni kejeli. Lakini hebu tazama niliyomwandikia mama wa Kasulu, kisha uniambie ni mangapi kati ya hayo yanayohitaji fedha yako. Kusoma tangazo, kulinganisha majina ya vyeti, kumpeleka kijana kwa mtendaji anayemheshimu mwalimu wake wa zamani, kumweleza kwamba mtu wa Baiolojia hana njia mbili tu za udaktari na ualimu, bali kuna famasia, maabara, lishe, misitu na sayansi ya udongo: hiyo ndiyo kazi, nawe unaiweza kuliko ofisa yeyote aliyeko Dar es Salaam.

Kumbuka habari za Mwalimu Nyerere. Alipokuwa akifundisha Shule ya St. Mary's Tabora, Padri Richard Walsh ndiye aliyemhimiza afanye mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London, naye akafaulu mwaka 1948. Ombi lake la kwanza la ufadhili halikufanikiwa. Aliomba tena, na mwaka 1949 akapata na kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi. Aliyelipa gharama ni serikali ya kikoloni, lakini fedha za serikali hiyo hazikumtafuta zenyewe huko Tabora.

Mashirika yenye uzoefu yameliona hilo. CAMFED, shirika la kusaidia elimu ya wasichana lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na kufanya kazi Tanzania tangu 2005, halikuishia kuwalipia wasichana mahitaji ya shule. Wanufaika waliomaliza masomo hurudi katika sekondari za wilaya zao kama walezi wa kujitolea, na wao wenyewe wanaweza kupata mikopo isiyo na riba ya kuanzishia biashara. Napenda mpango huo kwa sababu msichana hushauriwa na mtu aliyekalia dawati kama lake, si na mgeni aliyeshuka katika gari lenye nembo.

Nakuomba jambo moja tu: fanya kazi hiyo mahali pa wazi, shuleni au mbele ya wazazi, hasa kwa mabinti. Wapo wanaojiita wafadhili ambao nia yao tunaijua, na wapo matapeli wanaopiga simu kudai “fedha ya kufungua faili”. Heshima yako ya miaka mingi iwafundishe wazazi kutofautisha.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma mwaka wa pili Dodoma kwa mkopo. Kila bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likiingia, nyumbani wananipigia simu: ada ya mdogo wangu, mbolea, bati. Natuma, kisha nabaki nakula mlo mmoja. Wanadhani nalipwa mshahara. Nifanyeje? – Kijana wa Mwaka wa Pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si wewe peke yako. Hata Nyerere alisitasita kwenda Edinburgh kwa kuwafikiria mama yake na ndugu zake aliokuwa akiwasaidia. Lakini fanya hesabu. Fedha ya kujikimu, iliyopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022, huingia kwa mkupuo, hivyo ya siku 60 huonekana kuwa shilingi 600,000 mkononi, nyingi kuliko mauzo ya msimu mzima wa kaya nyingi. Kumbe ni chakula na kitanda chako cha miezi miwili, tena ni deni ambalo ukiajiriwa litakatwa asilimia 15 ya mshahara wako. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni, ilifutwa mwaka 2021, lakini deni lenyewe lipo palepale. Bati unalonunua leo umelikopa.

Wewe kumwambia baba yako maneno haya ni vigumu, na akisikia kutoka kinywani mwako atadhani mji umekubadilisha. Mtafute mwalimu wako wa zamani, mjomba, au kiongozi wa dini anayeheshimiwa nyumbani, umwonyeshe mchanganuo wa mkopo wako kwa maandishi, naye aende kuzungumza nao. Kisha panga kiasi kidogo unachoweza kutuma kwa kila mkupuo, ukitaje mapema, na usikipite. Kuhusu ada ya mdogo wako, kama yuko shule ya serikali, uliza kwanza ni ada ipi: elimu bila ada ilianza mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 imefika kidato cha sita. Huenda kinachodaiwa ni mchango wa chakula au sare, na hilo baba anaweza kulizungumza na mkuu wa shule bila kugusa bumu lako.