Maswali Yenu: Pikapu ya familia na tela

SWALI: Tuko watano, na tela letu likijaa lina kilo 2,000. Nimeonyeshwa pikapu iliyotumika, "inavuta 3,500". Inatosha?

JIBU: Usiishie kwenye hiyo 3,500. Tafuta kwenye kitabu cha gari uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Tuseme ni kilo 5,800: ukivuta 3,500 zinabaki 2,300, na gari tupu pengine lina 2,000. Watu watano na mabegi mgawane 300! Kwa tela lenu nafasi ipo, ila pua yake hulalia ndoano kwa takriban asilimia 10, yaani kilo 200, nazo huhesabiwa kama mzigo wa gari. Ikilalia kidogo mno, tela litayumba.

Ingia uvunguni uangalie chesisi ndoano ilipofungwa: ufa, kutu, au alama za kuchomelewa upya, achana nalo. Giaboksi ikiwa ya otomatiki na ina kijiti cha kupimia, nusa oili. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imeshapikwa na mizigo.

Tela la uzito huo liwe na breki zake. Halafu kaeni watatu nyuma nusu saa; wa katikati ndiye atakayesema ukweli.