Jibu: HOSTS haileti kitu nikitafuta mdimu

Salaam ndugu. Umesema umeandika "mdimu", kisha "ndimu", kwenye HOSTS, ile hifadhidata ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, upate viwavi wanaokula mdimu wako wa Kisauni, na haikuleta kitu. Anza na jina: inataka la kisayansi. Tena andika Citrus peke yake, maana mdimu una majina ya kisayansi zaidi ya moja, Citrus aurantiifolia likiwa mojawapo, na ukibana sana rekodi zitakupita. Itakuja orodha ya dunia nzima, ndefu kweli. Ichuje ubaki na rekodi za Afrika.

Huku Likoni, kwenye midimu namkuta sana kiwavi wa kipepeo aitwaye Papilio demodocus. Akiwa mdogo utadhani kinyesi cha ndege, akikua huwa kijani, na ukimgusa anachomoza pembe laini yenye harufu kali. Bila picha siwezi kuapa kuwa wako ndiye.

HOSTS ni ya vipepeo na nondo tu, kwa hiyo kama ni vidukari usijisumbue humo. Na kiwavi kuonekana juu ya jani si lazima awe analila. Mfungie na majani mabichi ya mdimu uone kama atatafuna.